Afande Anapoomba Kura

Wazee wangu, maafande mliostaafu, na ninyi ambao barua zenu za kustaafu bado zimelala kwenye meza za watu. Akina mama, vijana, hamjambo. Nilitaka kuanza na shikamoo, kisha nikakumbuka niko Arua. Huku kwetu ukimwambia mzee shikamoo anaweza kugeuka kuangalia nani ameitwa. Basi nawasalimu tu.

Aliyenialika alinipa mada ndefu: afisa wa jeshi anapotoka kambini na kuingia kwenye siasa za taifa. Nikamwuliza, mbona mimi? Sijashika bunduki, sijagombea hata uenyekiti wa LC ya kwanza, lile baraza la kijiji. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mtoto wa askari, basi. Akanijibu, "Mwalimu, nusu ya watakaokuja ulisahihisha madaftari yao." Hilo kweli. Naona pale nyuma kuna kapteni mstaafu ambaye mpaka leo anasema "kitambulisho yako". (Kicheko.)

Kwa hiyo nitaanzia kwenye kile ninachokijua, yaani kitenzi. Chukueni kitenzi kuleta. Askari akikitamka kinakuwa "Leta!" Neno moja. Hamna nafsi ndani yake, si mimi wala wewe. Sasa anayehitaji kitu kwa mtu asiyekuwa chini yake atasema "Naomba uniletee." Hesabuni waliomo humo: kuna mimi ninayeomba, kuna wewe utakayeleta kama ukipenda, kuna mimi tena ninayesubiri. Nimefundisha maafisa miaka mingi, na kama nina la kusema leo ni hili: anayehama kutoka jeshini kwenda siasani anahama kutoka sentensi ya kwanza kwenda ya pili. Wengi huvua magwanda, wakavaa suti, kitenzi wakabaki nacho kile kile.

Na katika nchi yetu jambo hili ni zito kuliko kwa majirani, kwa sababu ya namna Kiswahili chenyewe kilivyotufikia. Pwani kilizaliwa majumbani, kikalelewa na akina mama, kikaimbwa harusini. Uganda kilipanda na misafara ya biashara, ndiyo, lakini kilichokitia masikioni mwa watu wengi ni kambi. Kilikuwa lugha ya King's African Rifles, kikarithiwa na Uganda Rifles, na kila jeshi lililofuata likakipokea kama linavyopokea sare. Hata kufanywa lugha ya taifa mwaka 1973 kulitokana na amri ya Idi Amin. Halafu zikaja zile siku za Kampala za miaka ya 1980, askari wanazingira mtaa alfajiri na neno ni moja, "Panda gari!" Waliopanda wengine hawakurudi. Mtu wa Kampala wa umri wangu ukimsalimia kwa Kiswahili, huangalia kwanza umeshika nini mkononi. Katiba ilikitaja mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na Baraza la Mawaziri likalirudia jambo hilo mwaka 2022. Masikio ya watu hayasomi katiba.

Baba yangu alikuwa koplo Jinja mwezi Januari 1964. Wengi wenu mlifundishwa kwamba siasa za jeshi letu zilianza mwaka 1966, lile jeshi lilipovamia kasri ya Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo, au mwaka 1971. Baba alikuwa akikataa. Alisema zilianza na mshahara. Askari wa Tanganyika walikuwa wameasi tarehe 20 mwezi huo, habari zikasafiri upesi kuliko magari, na tarehe 23 zikawaka Jinja. Waziri wa Mambo ya Ndani, Felix Onama, mtu wa huku kwetu kaskazini magharibi, akaenda mwenyewe kambini kuzungumza nao. Wakamzuia. Walitaka nyongeza ya mshahara, na walitaka maafisa wa Kiingereza waondoke. Serikali ikawaita Waingereza haohao waje kutuliza kambi. Lakini nyongeza ilitolewa. Hapo ndipo baba alipokuwa akisimama, anazungusha kikombe cha chai, anasema: "Nyerere alilivunja jeshi lake akajenga jingine. Sisi tuliongezewa." Hakuwa akijisifu. Alikuwa akieleza siku ambayo askari wa Uganda alisema "Leta!" kwa serikali, na serikali ikaleta.

Baada ya hapo mambo yanajulikana, sitawachosha. Tarehe 25 Januari 1971, Rais Obote akiwa kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola Singapore, Amin akachukua nchi. Alijieleza kwamba yeye si mwanasiasa, ni askari, na kwa hiyo ni mtu wa maneno machache. Watu walishangilia barabarani. Mimi kama mwalimu wa lugha, maneno yale machache hunitisha kuliko hotuba ndefu ya mwanasiasa yeyote. Mwanasiasa mwongo angalau anajua anadaiwa maelezo. Yule wa maneno machache amekwisha kukuambia hadaiwi kitu. Miaka minane tulikaa bila bunge la kuchaguliwa.

Niwape kisa kimoja cha nyumbani. Katikati ya mwaka 1979, jeshi la Tanzania lilipofika huku, mimi nilikuwa na miaka kumi. Baba alikwisha vuka kwenda Zaire. Mama alikuwa uani, ameinamia mtungi. Wakaingia askari watatu wamejaa vumbi, mmoja mrefu, bunduki begani. Mama aliganda. Na mimi niliganda, nikisubiri lile neno. Yule mrefu akasema, "Shikamoo mama. Samahani, tunaomba maji ya kunywa." Mama alibaki na kata mkononi, hajui amjibu nini, maana kwa Kiswahili chote alichokisikia tangu aolewe na askari, hakuwahi kusikia askari akimwomba mwanamke asiyemjua. Yule kijana akapokea kata kwa mikono miwili, akachuchumaa, akanywa, akampa mwenzake. Walipoondoka mama alikaa chini. Alisema kwa Kilugbara, taratibu, kwamba kumbe lugha ile ina maneno mengine.

Mimi nikawa mwalimu wa Kiswahili siku ile. Sisemi watu wale walikuwa malaika, vita ni vita. Na mwaka uliofuata walikuja wengine, wenzetu wa Uganda, ambao hawakuomba maji. Juni 1981 watu waliuawa pale misheni ya Ombaci, karibu tu na hapa tulipo. Wakati huo sisi tulikuwa tumekwisha kimbilia Zaire. Hiyo ni hotuba nyingine, na atoe mtu mwingine.

Nirudi kwenye mada. Kuna jeshi moja katika historia yetu lililojua kuomba, na hilo nataka vijana walisikie vizuri, hata wale wasiolipenda. Tarehe 6 Februari 1981 Yoweri Museveni na wenzake walishambulia kambi ya Kabamba wakiwa na bunduki 27. Bunduki 27 hazichukui nchi. Waliishi Luwero kwa wakulima, wakila mihogo ya wakulima, wakifichwa na wakulima. Kwa hiyo waliandika kanuni za mwenendo wa askari wa NRA, jeshi lao la msituni, na ukizisoma kwa jicho la mwalimu wa lugha utashangaa. Zinamkataza askari kumtukana mwananchi, kumpigia kelele, kumpiga. Akichukua kitu chochote alipe, tena papo hapo na kwa fedha taslimu. Kumpigia kelele! Jeshi linaandika katika kanuni zake kwamba askari asipaze sauti kwa mwananchi. Na vijijini wakaanzisha kamati zilizoitwa RC, ambazo leo ni hizi LC zetu, ili anayehitaji chakula apitie kwa kamati ya kijiji. Jeshi lile lilijua kuomba kwa sababu lilikuwa na njaa. Nasema hivyo bila kebehi.

Kisha likashinda. Tarehe 26 Januari 1986 lilitwaa Kampala, na tarehe 29 Museveni akaapishwa kwenye ngazi za Bunge. Alisema haya si mabadiliko ya zamu ya walinzi. Neno lenyewe la kijeshi, mnaona? Zamu ya walinzi mnaijua ninyi mliolinda lango: mmoja anatoka, mwingine anaingia, lango lile lile, amri zile zile. Yeye akaahidi kitu kikubwa zaidi ya hapo. Nimelifikiria neno hilo kwa miaka mingi, hasa kila ninapoona kizuizi cha barabarani na kusikia askari kijana, aliyezaliwa baada ya mwaka ule, akimwambia mama mwenye mzigo kichwani, "Wewe! Leta kipande."

Sasa tuje kwenye mlango wenyewe, mlango wa kutoka. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu najua humu ndani wapo wanaousubiri.

Katiba ya 1995, ibara ya 208, inasema jeshi letu la sasa, UPDF, lisiegemee chama chochote, liwe la kitaifa, lenye uzalendo, ujuzi, nidhamu na uzalishaji, na liwe chini ya mamlaka ya kiraia. Katiba hiyohiyo inaruhusu jeshi liwe na wawakilishi bungeni, na kwa miaka yote hii wamekuwa kumi. Fikirini hapo. Mtu amevaa sare, ana mkuu wake wa kazi, na ni mbunge. Mbunge kazi yake ni kusema. Askari kazi yake ni kutii. Watetezi wa viti vile husema wamo kama masikio ya jeshi. Masikio hayana shida. Shida huanza sikio linapofungua mdomo.

Mwulizeni Henry Tumukunde. Mwaka 2005, akiwa mbunge wa jeshi, alipinga hadharani kuondolewa kwa ukomo wa mihula ya urais. Akalazimishwa kuachia kiti, akakamatwa. Mahakama ya Juu baadaye ilisema kulazimishwa kule kulikuwa kinyume cha katiba. Lakini kiti kilikwisha kwenda.

Au mchukueni David Tinyefuza, ambaye baadaye alijiita Sejusa. Mwaka 1996 aliitwa na kamati ya Bunge kueleza vita vya kaskazini, akasema yaliyokuwa moyoni mwake kuhusu jinsi vita vile vilivyoendeshwa. Jeshi likakasirika. Yeye akaandika barua kwa Rais kwamba amejiuzulu. Mwalimu kama mimi nikiandika barua ya kuacha kazi, kesho nalima. Kwa jenerali si hivyo. Aliambiwa barua yake si njia, kuna utaratibu wa jeshi wa kuomba kuachiwa. Akaenda Mahakama ya Katiba mwaka 1997, akashinda. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 1998 Mahakama ya Juu ikasema: bado wewe ni askari. Ona ajabu ya lugha hapo. Miaka yote alikuwa mtu wa kutoa amri, na siku alipotaka kuondoka akagundua kwamba kuondoka nako ni kitu cha kuomba.

Kizza Besigye ndiye mnayemjua zaidi. Daktari, alimtibu Museveni msituni, akafika cheo cha kanali, akawa waziri na kamisaa wa kisiasa. Mwaka 1999, akiwa bado ndani ya jeshi, aliandika waraka mrefu kwamba Movement, mfumo wa utawala wa Museveni, imepoteza njia. Wakubwa wake hawakuanza kwa kubishana na hoja. Walisema ameyasemea mahali pasipo pake, na mahakama ya kijeshi ikatajwa. Mwishowe akatoka jeshini, na mwaka 2001 akagombea urais. Matokeo rasmi yalimpa karibu asilimia 28, Museveni asilimia 69. Amegombea mara nne kwa jumla. Novemba 2024 alitekwa Nairobi, akaonekana Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi, zaidi ya miaka ishirini tangu avue sare. Januari 2025 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mahakama za kijeshi hazina haki ya kuhukumu raia, na Mei mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kulifungua tena lango hilo. Uwe upande wake au usiwe, jiulize: mtu huyu alitoka lini jeshini?

Jirani zetu Tanzania walikuwa na mlango wao. Enzi za chama kimoja askari alikuwa mwanachama wa chama bila kificho. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 wakaambiwa wachague, sare au kadi. Jakaya Kikwete, luteni kanali, akachagua kadi. Mwaka 2005 akawa rais, na sijasikia Mtanzania akimwita Afande. Kwetu, Rais mwenyewe alistaafu jeshi rasmi mwaka 2004, vyama vingi vikiwa njiani kurudi. Sare bado huivaa, mnamwona.

Kwa mtumishi wa umma anayetaka ubunge, katiba yetu sasa inadai ajiuzulu angalau siku 90 kabla ya siku ya uteuzi wa wagombea. Siku 90 ni rahisi kuhesabu kama wewe ndiye unayejiachisha. Kama ni mwingine anayekuachia, anza kuomba mapema. Nawaambia vijana wenye nyota mbili begani mnaoota Bunge.

Lakini tuseme ukweli, wengi hawapiti mlango wa kura. Wanapita wa uteuzi. Unastaafu Juni, Desemba unasikia jina lako redioni kwamba umekuwa RDC, yaani mwakilishi wa Rais, katika wilaya ambayo hujawahi kulala. Au waziri. Jenerali Aronda Nyakairima aliteuliwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwaka 2013 akitoka kuliongoza jeshi, na Bunge likabishana kama mwenye sare anaweza kukaa kiti kile. Alikaa. Simlaumu marehemu, alikuwa mtu wa heshima. Ninachosema ni kwamba njia ya uteuzi haimfundishi afisa kitu kipya. Anatoka kwenye amri anaingia kwenye amri. RDC hana haja ya kumwomba mtu kura, na wananchi wake wanalijua hilo hata kwa namna anavyosimama kwenye mazishi.

Na wale waliopita mlango wa kura? Mugisha Muntu aliliongoza jeshi zima kuanzia 1989 hadi 1998. Alipotoka, alikwenda kwenye Bunge la Afrika Mashariki, Arusha, mji wa Kiswahili cha "samahani" na "naomba". Akaongoza FDC, chama cha upinzani, kisha akaanzisha chama chake mwaka 2019. Kila ninapomsikia nasikia mtu aliyebadilisha kitenzi kweli. Hapigi kelele, anaeleza. Mwaka 2021 aligombea urais. Tumukunde, yule wa viti vya jeshi, naye aligombea, akiwa luteni jenerali mstaafu. Majenerali wawili, na kila mmoja hakufika hata asilimia moja ya kura. Mwanamuziki aliyekuwa mtoto mdogo NRA ilipoingia Kampala, Robert Kyagulanyi, alipata karibu asilimia 35.

Wazee, najua hilo linauma. Nimewasikia mkisema vijana hawana shukrani. Mimi naliona hivi. Mwaka 2001 ubishi wa nchi ulikuwa kati ya watu wawili waliotoka msitu mmoja, na mpiga kura aliukumbuka msitu. Leo wengi wa wapiga kura hawakuwa wamezaliwa. Ukimwambia "nilipigana kwa ajili yako", anasikia deni asilokopa. Hata adabu ya Muntu haikutosha, maana kabla hajafungua mdomo wameona cheo. Na kijana wa Uganda akiona cheo, mkono unakwenda mfukoni kutafuta kitambulisho.

Nimalizie na mwanafunzi wangu mmoja. Simtaji, wengine mnamjua, leo hayupo. Meja mstaafu, miaka 26 kazini. Kabla ya uchaguzi wa 2016 alikuja kwangu na hotuba yake ya kampeni, ameiandika kwa mkono, herufi zimepangwa kama gwaride. Sentensi ya kwanza: "Wananchi, mnatakiwa kunipigia kura tarehe 18 bila kukosa." Nikachukua kalamu nyekundu. Mnatakiwa na nani, Meja? Akanyamaza. Nikaandika juu yake, "Naomba kura yako." Aliisoma kimya mara mbili, akasema, "Mwalimu, nikiomba wataniona dhaifu." Nikamwambia kesho asubuhi twende sokoni.

Tukaenda. Kuna mama anauza mukene, dagaa wetu, karibu na lango, anapima kwa kopo. Meja akasimama mbele yake, mguu pande, mikono nyuma, kifua kiko mbele. Mama akaendelea kupima, hakuinua macho. Watu wakaanza kupita mbali. Nikamnong'oneza, "Chuchumaa." Alinitazama kama nimemvua nyota. Kisha akachuchumaa, magoti yakalia, tukayasikia sote. Sasa uso wake ulikuwa sawa na wa mama, kati yao lundo la mukene.

Akasema, "Mama, naomba kura yako." Kwa shida, kama mtu anayetamka lugha ya kigeni.

Mama akamtazama sasa. Akamwuliza anatoka wapi, nani baba yake, na kwa nini alipokuwa kambini hakuonekana kwenye misiba ya nyumbani. Akajibu yote. Kisha mama akaegemea mbele, kopo mkononi, akasema kwa sauti ya kuuzia: "Mvua ikikata ile barabara ya kwetu, nikikuita, utakuja?"

Meja akanyoosha mgongo palepale alipochuchumaa, mikono ikashuka ubavuni, ikamtoka kabla hajaijua: "Ndiyo, Afande!"

Soko zima lilicheka. Wauza nyanya walicheka, vijana wa bodaboda walicheka, Meja mwenyewe akaziba uso. Mama peke yake hakucheka. Aliongeza mukene kidogo juu ya kopo, ile nyongeza ya mteja mzuri, akamwuliza, "Basi unachukua kopo ngapi?" Akachukua mbili. Mpaka leo pale sokoni mama yule anaitwa Afande, na ukienda kumwulizia kwa jina lake utazunguka bure.

Meja hakushinda, alikuwa wa nne. Sasa anataka kujaribu tena. Wiki iliyopita aliniletea bango lake nilisahihishe. Hotuba ya safari hii sikuigusa, ni nzuri, ina "naomba" za kutosha. Tatizo liko kwenye bango. Amepiga picha na shati la kawaida, anatabasamu, lakini juu ya jina, kwa herufi kubwa kuliko jina lenyewe, limeandikwa neno MEJA. Nikaweka alama nyekundu. Akasema, "Mwalimu, miaka 26. Ukiliondoa hilo nani atanijua?" Nikaanza kumjibu, nikakuta sina jibu. Maana kuna kina mama kijijini kwao ambao kweli wanamjua kwa neno hilo tu, na kuna vijana ambao neno hilohilo litawafanya wasisome la pili.

Tumekubaliana Jumamosi twende tena pale langoni na bango letu, tukamwulize Afande.